Wakati Mume Yu Hai

Binti akitoka Kegonga au Ntimaru, Kuria Mashariki nchini Kenya, akaolewa Kisaka katika Wilaya ya Serengeti, Tanzania, hakuna jirani atakayemwita mhamiaji. Ameolewa, basi. Ng'ombe wamehesabiwa, wazee wamekula na kunywa, mama mkwe amempokea na kumwonyesha jiko. Kikuria chake na Kingoreme cha majirani vinaelewana bila mkalimani, na baada ya misimu michache ya kulima hata lafudhi ya kwao imeanza kufifia. Akijifungua ataitwa kwa jina la mwanawe kama mke mwingine yeyote, na mtoto akiwa wa kiume, nyumba yake imesimama.

Katika daftari la Serikali habari ni nyingine. Huyo ni mgeni, raia wa nchi jirani. Anahitaji hati ili akae, kibali ili aajiriwe, na ardhi ya kijiji hawezi kugawiwa. Tofauti hii ya kijijini na ofisini inaweza kukaa miaka ishirini bila kumuumiza mtu: mama analima, anazaa, anazika, anachangia harusi na misiba. Inajitokeza siku ndoa inapotikisika, yaani mume akifa, au akimfukuza, au ndugu wakianza kugombea shamba. Nimeshughulika na mashauri ya familia za mpakani kwa muda wa kutosha kuamini kwamba wengi wa wanawake hawa wangeweza kuwa salama kabisa kisheria, na kwamba walikosa usalama huo kwa sababu moja tu: hakuna aliyewaambia kuwa haki yao ina muda, na muda wenyewe ni uhai wa mume.

Kifungu chenyewe ni cha 11 katika Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995. Kinasema mwanamke aliyeolewa na raia wa Tanzania ana haki ya kuomba uraia wa tajinisi wakati wowote mume akiwa hai. Mtu asiye na ndoa ya aina hiyo anapita njia ndefu ya Jedwali la Pili: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia awe amekaa jumla ya miaka 7, pamoja na masharti ya lugha, tabia njema na mchango wake kwa taifa. Mke amefupishiwa safari hiyo. Lakini mume akizikwa Jumamosi, Jumatatu njia ya mkato haipo. Aliyekuwa na haki kwa miaka ishirini anarudi mwisho wa foleni pamoja na mfanyabiashara aliyeingia juzi, tena katika hali mbaya kuliko yake, kwa sababu mfanyabiashara ana kibali cha ukaazi cha kuhesabia miaka na mjane hana karatasi yoyote.

Ni lazima nieleze kwa nini hana, maana kwa mtu wa Dar es Salaam jambo hili litaonekana kama uzembe. Mstari unaoitenganisha Kegonga na Tarime ulichorwa na Waingereza na Wajerumani katika makubaliano ya Novemba 1886, kutoka pwani mpaka Ziwa Viktoria, bila kuuliza ni nani anayelima wapi. Koo za Kikuria za Wairege, Wanyabasi na Wakira zikajikuta pande zote mbili. Watu waliendelea kuoana kama kawaida, kwa sababu mila inakataza kuoa wa ukoo wako wa karibu na haisemi neno juu ya bikoni. Mpaka ulipata uzito wa kweli Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika na Tanzania ikafunga njia zote rasmi za kwenda Kenya. Ulifunguliwa tena Novemba 1983. Kwa karibu miaka 7 mwanamke aliyekuwa ameolewa ng'ambo hakuwa na njia halali ya kwenda kumzika mama yake. Walikwenda kwa njia za panya. Kizazi kile ndicho kilichowafundisha mabinti wa leo namna ya kuishi na mpaka: usiusogelee, usiulizwe, pita pembeni. Leo Sirari na Isebania pana kituo cha pamoja cha mpakani ambapo msafiri anahudumiwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja, lakini mazoea ya kupita pembeni hayajafa, na kwa bibi harusi ndiyo chanzo cha matatizo yote yanayofuata. Hana muhuri wa kuingia. Serikali haijui kuwa amefika.

Jambo la kwanza linalomchanganya ni kujua ampelekee nani shida yake. Kwao kuna chifu na naibu wake, waajiriwa wa serikali wanaojua kila boma; mwenye shida ya kitambulisho au mgogoro wa ardhi huanzia hapo. Tanzania ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963. Huku kuna mwenyekiti wa kitongoji aliyechaguliwa na wananchi, mwenyekiti wa kijiji, mtendaji wa kijiji ambaye ni mwajiriwa, kisha mtendaji wa kata. Kuna pia wazee wa inchama, baraza la kimila la Wakuria, ambao neno lao juu ya ndoa na mali linasikika kuliko la mtendaji, ila halina muhuri. Binti wa Kenya anayefika Kisaka huwa na kawaida ya kuwaachia wanaume wa nyumba hiyo mambo yote ya ofisi. Heshima yake naielewa, lakini matokeo ni kwamba anaweza kuishi kijijini miaka mingi bila jina lake kuandikwa kwenye daftari la wakazi, na siku anayohitaji barua ya utambulisho mwenyekiti ni mwingine, asiyejua alikuja lini na kwa ndoa ya nani.

Siku ya mnada utaona maana ya kutokuwa na karatasi. Wakala wa fedha amekaa kwenye kibanda chake, simu mbili mkononi, daftari mapajani. Mama wa makamo anasogea.

"Shikamoo mama. Laini ni ya nani?"

"Marahaba mwanangu. Ni ya mama mkwe, yuko nyumbani."

"Jina lake linaloonekana ni hili hapa. Namba ya siri unayo?"

"Mjukuu wake ndiye anayo, anakuja."

Pesa hiyo ametumiwa na kaka yake kutoka Migori. M-Pesa ya Kenya na ya Tanzania zimeunganishwa tangu 2015, kwa hiyo fedha inavuka mpaka kwa sekunde chache. Mwenye fedha ndiye anayekwama. Laini za simu nchini zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na tangu Januari 2020 zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa. Mgeni anaweza kusajili kwa pasipoti, naye pasipoti hana. Hivyo kila shilingi yake, iwe ya kaka yake, ya vikoba au ya kuuza mahindi, inapita katika simu ya mtu mwingine. Mama mkwe akiwa mwema hakuna neno. Nimewaona mama wakwe wema wengi. Lakini mwanamke ambaye hawezi kupokea shilingi elfu kumi bila familia ya mume kujua, hawezi pia kujiwekea nauli ya kuondoka siku ya kupigwa.

Hapo ndipo ushauri mbaya unapoanza kumfikia. Shemeji anamwambia: andikisha tu, sema umezaliwa Tarime. Jina lake ni Robi au Gati, kama majina ya wanawake elfu wa Tarime; nani atajua? Wapo wanaofanikiwa, na huku mpakani si siri kwamba baadhi ya watu wana vitambulisho vya nchi zote mbili. Naomba msomaji aliye katika hali hii anisikilize vizuri. Kutoa taarifa za uongo ili upate kitambulisho cha uraia ni kosa la jinai, na adhabu si hasara pekee. Ukishajaza kwamba wewe ni Mtanzania wa kuzaliwa, umejinyima mwenyewe kifungu cha 11, kwa sababu mtu hawezi kuomba kesho uraia aliodai jana kuwa anao. Ofisa wa uhamiaji akija kugundua, utakuwa umebadilika kutoka mke mwenye haki ya kuomba na kuwa mtuhumiwa. Katika mikoa ya mpakani maofisa wa uhamiaji hushiriki kuhoji wanaoomba vitambulisho vya taifa, na swali la mama yako alizaliwa wapi linaulizwa hata kwa watoto wako watakapofika miaka 18. Uongo wa mama unamngoja mtoto.

Njia halali kwa mke mpya ni ndefu kuliko ya shemeji, lakini inapitika. Kwanza ndoa yenyewe iandikwe. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa ya kimila sawa na ya kanisani, msikitini au ya bomani, na inawataka waliofunga ndoa ya kimila waombe kuisajili ndani ya siku 30. Kuchelewa hakuifuti ndoa, na wala mahari ambayo haijakamilika haiifuti. Kifungu cha 41 kiko wazi juu ya hilo, ingawa wazee wengi hawataki kusikia. Ila ofisini bila cheti cha ndoa huna pa kuanzia. Kisha binti apate hati ya kusafiria ya kwao, aingie kwa kituo cha mpakani agongewe muhuri, na aombe pasi ya mtegemezi kupitia kwa mumewe. Akiwa na pasi hiyo anakaa kihalali, na ukaazi huo unaandikwa na kuhesabika. Halafu, bila kungoja uzee, aombe uraia.

Hapa kuna uamuzi mzito ambao sitaki kuupitia juu juu. Tanzania hairuhusu mtu mzima awe na uraia pacha. Kenya tangu Katiba ya 2010 inaruhusu. Kwa hiyo anayechukua uraia wa mumewe analazimika kuukana ule wa kwao, na kwa mwanamke aliye mbali na baba na kaka zake, kitambulisho cha Kenya ni kamba ya mwisho inayomshika na nyumbani. Wanawake wengi wanasita hapa, na kusita kwao kuna busara. Wakumbuke jambo hili: Katiba hiyo hiyo ya Kenya, ibara ya 14, inampa raia wa kuzaliwa aliyeupoteza uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine haki ya kuomba arudishiwe. Akirudi kwao siku moja, kwa talaka au kwa hiari, mlango wa Nairobi haujafungwa. Wa Dodoma ndio unaofungwa kwa kifo. Nikipima hayo mawili, mwanamke mwenye watoto na shamba Kisaka na asiye na nia ya kurudi, ningemshauri achukue uraia mapema. Aliye katika miaka ya kwanza ya ndoa na bado haujui moyo wa mumewe, ningemshauri pasi ya mtegemezi kwanza, isiyokatika hata mwaka mmoja.

Kinachofanya uamuzi huo uwe wa haraka zaidi ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imewafanyia wanawake wa Tanzania jambo kubwa: mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi kihalali ni batili kwa kiasi hicho, ndivyo kinavyosema kifungu cha 20. Lakini kifungu cha 18 kinasema haki miliki ya kimila hugawiwa na halmashauri ya kijiji kwa raia, familia ya raia au kundi la raia. Ngao imetengenezwa vizuri, na mke wa kutoka Kenya amesimama nje yake. Na asitegemee Jumuiya ya Afrika Mashariki ya sasa: Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, imeyaacha masuala ya ardhi chini ya sheria za kila nchi, katika ibara yake ya 15. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mke mgeni anaweza kuutumia msimamo huo kudai thamani ya jasho lake kwenye talaka. Kudai eka yenyewe, kwa jina lake, ni vita nyingine.

Biashara nayo imebanwa. Wanawake wa mpakani ni wachuuzi wazuri. Wanajua bei za Isebania, wanajua sabuni gani inapendwa mjini Mugumu. Julai 2025 Wizara ya Viwanda na Biashara ilitoa amri inayowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo duka la rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, saluni, ufundi simu na ununuzi wa mazao shambani. Faini kwa mgeni haipungui shilingi milioni 10, na raia anayemsaidia naye ana adhabu yake. Amri ililengwa kwa wageni wenye mitaji walioingia Kariakoo na kwenye minada ya mazao, na kilio cha wafanyabiashara wadogo kilichoizaa kilikuwa cha haki. Kenya ililalamika kuwa inakwenda kinyume na Itifaki. Katika mjadala wote huo sikusikia mtu akimtaja mke wa Kikuria mwenye kibanda cha nyanya na mafuta ya kupima. Kwa maneno ya amri, naye ni asiye raia. Na mumewe aliyemchukulia leseni kwa jina lake atakuwa raia anayemsaidia.

Kuna jambo lingine ambalo waandishi wenzangu huliepuka wanapoandika habari za ndoa, nami nitalisema. Kenya imepiga marufuku ukeketaji kwa mwanamke wa umri wowote kwa sheria ya 2011, na sheria hiyo inamfuata hata anayemvusha mtu kwenda kukeketwa nje ya nchi. Tanzania ilitunga katazo lake mwaka 1998, likawa kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu, na linamlinda aliye chini ya miaka 18. Mke wa miaka 22 aliyekulia kwenye nyumba iliyoachana na mila hiyo anafika kwa mumewe na kuanza kuitwa msagane, yaani asiyekeketwa, na mawifi. Katika baadhi ya nyumba haachiwi kufanya kazi fulani za heshima mpaka akubali kisu. Kwa kuvuka mpaka amepoteza kinga ya moja kwa moja aliyokuwa nayo saa chache nyuma. Zimebaki sheria za jumla za kujeruhi, na mwanamke asiye na hati ya kukaa haendi polisi kushtaki familia ya mumewe, kwa sababu swali la kwanza linaweza kuwa juu ya hati. Nyumba salama iliyoanzishwa Mugumu na Rhobi Samwelly imeokoa wasichana wengi wanaokimbia msimu wa ukeketaji. Mke aliyeolewa kutoka ng'ambo anahitaji kujua kwamba kuna mahali kama hapo kabla hajahitaji kwenda.

Aliye katika hali ngumu kuliko wote ni binti aliyeolewa na mwanamke. Nyumba ntobu inajulikana Tarime na Serengeti kote: mama asiye na mtoto wa kiume, mara nyingi mzee au mjane mwenye ng'ombe, analipa mahari ya binti ili binti huyo azae watoto wa kuibeba nyumba yake. Kimila ndoa hiyo ni kamili. Watoto ni wa nyumba iliyolipa ng'ombe, na hakuna anayeuliza zaidi. Yapo mazuri yanayosemwa juu yake; wanawake wengine wanaichagua kwa sababu hakuna mume wa kuwapiga. Lakini Sheria ya Ndoa, katika kifungu cha 9, inatambua muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Binti kutoka Kenya aliyetolewa kwa nyumba ntobu hana mume ofisini. Hana wa kumwombea pasi ya mtegemezi, na kifungu cha 11 hakimhusu hata siku moja, kwa sababu hakuna mume ambaye uhai wake ungeweza kuhesabiwa. Akigombana na mama aliyemwoa, anaondoka bila watoto, bila mali, bila ndoa ya kuvunja. Mzazi wa Kegonga anayepokea ng'ombe za nyumba ntobu kutoka ng'ambo anatakiwa ayajue haya kabla zizi halijajaa.

Kwa mume wa Kenya anayehamia kwa mke Mtanzania sina mengi. Ni wachache, maana mila inampeleka mke kwa mume. Sheria ya Uraia haikumwekea kifungu kama cha 11, na huo ni ubaguzi wa wazi dhidi ya wake wa Kitanzania ambao unastahili makala yake.

Watoto wanazaliwa katikati ya yote haya, na hapa mama ana uwezo mkubwa kuliko anavyodhani. Mtoto wa baba Mtanzania ni Mtanzania. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini umesogeza usajili wa walio chini ya miaka 5 hadi vituo vya afya na ofisi za kata, kwa hiyo cheti hakihitaji safari ya Musoma. Tatizo ni desturi ya mke kwenda kujifungulia kwao mtoto wa kwanza. Akizaa Kehancha, mtoto ataandikwa Kenya. Ni raia wa Kenya kwa kuzaliwa kupitia mama, na wa Tanzania kwa kurithi kupitia baba, na akifikisha miaka 18 sheria ya Tanzania inamtaka achague. Asipochagua kwa sababu hakujua, atagundua siku anapojaza fomu ya chuo au ya jeshi. Mama akiamua kuzalia kwao, atunze kila karatasi ya hospitali, na baba amsajili mtoto huku mapema kama raia kwa kurithi.

Nimetaja mara kadhaa kwamba haki ya mke wa Mtanzania inakufa na mume. Je, ndivyo ilivyo kila mahali? Sivyo. Marekani walikuwa na tatizo hilo hilo: mgeni akifiwa na mwenzi raia kabla ndoa haijafika miaka 2, maombi yake yalikufa pia na aliweza kufukuzwa akiwa bado na nguo za msiba. Wajane walikwenda mahakamani na bungeni kwa miaka, na Oktoba 2009 sheria ikabadilishwa; sasa mjane anajiombea mwenyewe ndani ya miaka 2 tangu kifo. Uingereza ina utaratibu wa kumpa mwenzi aliyefiwa ukaazi wa kudumu. Lakini hatuna haja ya kwenda mbali. Vuka Sirari tu. Katiba ya Kenya inampa aliyeoana na raia kwa miaka 7 haki ya kusajiliwa, awe mke au mume, na Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 imeweka masharti ya mjane na mgane kuomba hata baada ya mwenzake kufariki. Yaani mwanamke wa Kisaka anayeolewa Ntimaru anangoja miaka mingi zaidi, lakini kifo cha mumewe hakimvui haki. Mwanamke wa Ntimaru anayeolewa Kisaka hangoji, lakini kifo kinamvua. Kuongeza maneno machache kwenye kifungu cha 11, ili mjane ambaye hajaolewa tena aendelee kuwa na haki aliyokuwa nayo mume akiwa hai, hakungeleta wimbi la wageni. Wanaoguswa tayari wako hapa, wamezaa raia, wamezika raia.

Mpaka hapo Bunge litakapofanya hivyo, dawa iko mikononi mwa wanaoketi kujadili mahari. Mila yetu inajua kujadiliana kwa kina kuliko ofisi yoyote: rangi ya ng'ombe, mtamba au dume, mbuzi wa mjomba, blanketi la bibi. Baba wa binti akishapanga hayo yote, aulize pia: ndoa hii itasajiliwa lini na nani atakwenda naye kwa msajili? Pasi ya mtegemezi italipiwa na nani, na mwaka gani mume atamsindikiza kuomba uraia? Wazee wa upande wa mume waseme mbele ya mashahidi kwamba watafanya. Ahadi iliyotolewa pale haivunjwi kirahisi, kwa sababu anayeivunja atakutana na wakwe zake kwenye misiba mpaka afe. Mshenga anayevuka mpaka kupeleka ujumbe wa ng'ombe anaweza kurudi na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha binti, na hiyo peke yake ingeokoa safari tatu.

Kwa aliyefiwa tayari, na kati ya wanaosoma hapa wapo, kazi ni ngumu zaidi lakini haijaisha. Asikimbilie kujiandikisha kama mzaliwa wa Tarime. Akusanye kila kinachoonyesha alikaa wapi na kwa ndoa ya nani: kadi za kliniki za watoto zenye tarehe, vyeti vyao vya kuzaliwa, cheti cha ndoa au maandishi ya wazee waliopokea mahari, cheti cha kifo cha mume, risiti za michango ya kijiji, barua ya mwenyekiti wa kitongoji. Aende kwa msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ambaye huduma yake ni bure, kabla hajaenda uhamiaji, ili asitoe maelezo peke yake. Ombi la kwanza liwe la kuhalalisha ukaazi, akiwa mama wa watoto raia. Kuanzia siku ukaazi huo utakapoandikwa, miaka ya Jedwali la Pili inaanza kuhesabika bila ubishi. Na shamba, lililokuwa la mume, liandikishwe mapema kwa majina ya watoto wake, mbele ya halmashauri ya kijiji, muhtasari wa kikao ukiwa na mihuri na nakala moja ibaki kwake.